Heshima ya aliyeshindwa: kwanini Cleopatra na Mkwawa walikataa kukamatwa wakiwa hai

#1 (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Kila tukiongelea utukufu kwenye historia tunawaongelea walioshinda, Kaisari, Alexander, Shaka, Napoleon, alafu yule aliyeshindwa anatajwa kwenye mstari mmoja basi tumemalizana nae. Mimi leo nataka tumuangalie huyu aliyeshindwa. Nimesoma hizi habari kwa muda mrefu na kuna kitu kinajirudia kutoka Roma mpaka Japani mpaka Uhehe, kwamba mshindi haridhiki na kushinda tu, anataka watu waone kwa macho, na aliyeshindwa akishalijua hilo anabaki na silaha moja ya mwisho ambayo ni kumnyima mwenzake hayo maonyesho. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aache alama arudi baadae.

Tuanze na Roma maana wao walikuwa na utaratibu kamili wa hii kitu. Jenerali akishinda vita kubwa anaomba Seneti impe ruhusa ya maandamano ya ushindi, na wakati anasubiri jibu haruhusiwi kuvuka mpaka wa mji, akivuka tu mamlaka yake ya kijeshi yanaisha hapohapo na maandamano hana tena. Lucullus aliyepigana na mfalme Mithridates alikaa nje ya mji karibu miaka mitatu anasubiri kibali. Hebu fikiria mtu na hela zake zote na jina lake lote anakaa nje ya ukuta miaka mitatu, yani hiyo siku moja ilikuwa na thamani kuliko kitu kingine chochote kwenye maisha ya Mrumi mkubwa.

Siku yenyewe ikifika anapanda gari la farasi wanne, kavaa zambarau yenye nakshi za dhahabu, jeshi lake liko nyuma linaimba, na askari walikuwa na uhuru wa kumtania bosi wao, wale wa Kaisari waliimba watu wa mjini wawafungie ndani wake zao maana wanamleta mzinzi mwenye kipara. Mbele ya gari zinapita mali zilizotekwa, picha zilizochorwa za vita, alafu mateka. Hao mateka ndo watu walichotoka majumbani kuja kuona, na mateka akiwa mfalme ndo siku inakamilika.

Vercingetorix kiongozi wa Wagalia (Ufaransa ya sasa) alijisalimisha kwa Kaisari pale Alesia mwaka 52 KK. Hakuuawa. Akawekwa gerezani Roma miaka sita, miaka sita wakuu, anatunzwa kwa ajili ya maonyesho, mpaka 46 KK Kaisari alipopata nafasi ya kufanya maandamano yake ndo akatolewa akatembezwa mbele ya umati alafu akauawa. Na kuuawa kwenyewe kulikuwa ni sehemu ya ibada. Mwaka 71 BK Vespasian mtawala wa Roma na mwanae Titus walipoandamana kusherehekea kuangushwa kwa Yerusalemu, msafara ulifika kwenye hekalu la Jupiter ukasimama, kila mtu kimya anasubiri, mpaka ikaletwa habari kwamba Simon bar Giora kiongozi wa Wayahudi ameshamalizwa, umati ukalipuka kwa shangwe ndipo wakaanza kutoa dhabihu. Bila hiyo habari ibada haianzi.

Sasa hapa ndo pananigusa mimi. Mwaka 167 KK Aemilius Paullus alimleta Roma Perseus mfalme wa Makedonia. Perseus akatuma ujumbe kumuomba jamani usinitembeze. Paullus akamjibu kwamba hilo jambo lilikuwa mikononi mwako tangu mwanzo na hata sasa bado liko mikononi mwako. Alikuwa anamwambia ajiue. Perseus hakuweza. Akatembezwa amevaa nguo nyeusi, na mbele yake wakatangulizwa watoto wake watatu wadogo pamoja na walezi wao waliokuwa wanalia na kuwafundisha watoto namna ya kunyoosha mikono kuomba huruma, wale watoto hawakuelewa wapo wapi wala kuna nini, na Warumi wenyewe waliokuja kushangilia wengi wakaishia kulia. Alafu huyohuyo Paullus mshindi mtoto wake wa kiume wa miaka 14 alikufa siku tano kabla ya maandamano na mwingine wa miaka 12 akafa siku tatu baada ya maandamano. Alisimama mbele ya wananchi akasema yeye mshindi na yule mshindwa wametofautiana kitu kimoja, Perseus ingawa ni mateka bado watoto wake wako hai.

Naendelea chini.

#2 (mleta uzi)

Cleopatra malkia wa Misri sasa. Watu wengi wanamjua kwa habari za mapenzi lakini mimi naona tunamkosea. Kwenye yale maandamano ya Kaisari ya 46 KK mmoja wa waliotembezwa na minyororo alikuwa Arsinoe, mdogo wake Cleopatra kwa baba. Kwahiyo Octavian mrithi wa Kaisari alipoingia Aleksandria mwaka 30 KK Cleopatra hakuwa na haja ya kuambiwa nini kinamsubiri Roma, kilishampata ndugu yake. Octavian akaweka walinzi wamchunge asijidhuru maana alimhitaji akiwa hai. Wakazidiwa akili, akafa kwa mkono wake mwenyewe ndani ya mji wake, na mavazi ya kifalme yote mwilini.

Octavian alifanyaje? Mwaka uliofuata akaandamana hivyohivyo, wakabeba sanamu ya Cleopatra amelala kitandani, na watoto wake mapacha wakatembezwa pembeni. Mtu kawakimbia bado wakatengeneza mfano wake wakautembeza!

Na haikuwa mara ya kwanza. Cato, adui mkubwa wa Kaisari, alijiua Utica (huko Tunisia ya sasa) mwaka 46 KK kwa sababu hakutaka hata kusamehewa na Kaisari, maana ukisamehewa na mtu umeshakubali kwamba uhai wako ni mali yake. Kaisari kwenye maandamano akabeba picha iliyochorwa ya Cato anavyokufa. Umati ulipoiona haukushangilia, uliguna kwa uchungu. Kwa hiyo tukumbuke hii, ukimkosa mtu unabeba mfano wake, lakini ule mfano huwezi kujua watu wataupokeaje.

Turuke kwenda Japani. Samurai kichwa cha adui kilikuwa ndo cheti chake cha kazi. Baada ya vita vichwa vinaoshwa, vinachanwa nywele, vinafungwa kibandiko cha jina alafu vinapelekwa mbele ya bwana mkubwa avikague. Na aliyekuwa anaenda kufa alilijua hilo akajiandaa nalo. Kimura Shigenari alikuwa kijana tu, kabla ya kutoka kwenda vitani Osaka mwaka 1615 alifukiza ubani kwenye kofia yake ya chuma, na kichwa chake kilipofikishwa kwa Tokugawa Ieyasu kilikuwa kinanukia vizuri, mzee akamsifia adui yake mbele ya wote. Yani kaonyeshwa, sawa, lakini yeye ndo kaamua aonekane vipi.

Alafu Saigo Takamori. Huyu alikuwa mmoja wa waliomrudishia mfalme wa Japani madaraka mwaka 1868, baadae akatofautiana na serikali aliyoijenga mwenyewe, ukatokea uasi wa Satsuma, na tarehe 24 Septemba 1877 akafia kilima cha Shiroyama pale Kagoshima akiwa amebaki na watu wachache sana. Watu wake walikikata kichwa chake wakakificha ili jeshi la serikali lisikipate. Kikatafutwa mpaka kikapatikana. Lakini angalieni kilichofuata, mwaka 1889 serikali ileile ikamsamehe akiwa kaburini na 1898 wakamsimamishia sanamu Tokyo kwenye bustani ya Ueno, amevaa nguo za kawaida na mbwa wake, ipo mpaka leo.

Mwaka huohuo 1898 ndo tunarudi nyumbani.

#3 (mleta uzi)

Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Naomba nieleweke, siandiki hapa kurudia yale ya darasa la tano. Vita ya Lugalo 17 Agosti 1891 mnaijua, Zelewski kamanda wa Wajerumani na sehemu kubwa ya kikosi chake waliishia pale. Ngome yake ya Kalenga ikaanguka Oktoba 1894. Kipande ambacho shule inakipita haraka ni ile miaka karibu minne baada ya Kalenga, mtu anahama pori hadi pori, chakula wanampa watu wake kwa siri, na kichwani kwake kuna zawadi ya rupia 5,000, hela nyingi mno kwa wakati ule.

Na kulikuwa na mlango mwingine. Mdogo wake Mpangile alikubali kushirikiana na Wajerumani, mwishoni mwa 1896 wakamsimika awe mtawala wa Uhehe. Mapema 1897 wakamnyonga wenyewe kwa kumtuhumu anashirikiana na kaka yake kisirisiri. Haikufika hata miezi mitatu. Kwahiyo Mkwawa huko porini aliona kwa macho yake mwenyewe huo mlango unatokea wapi.

19 Julai 1898 doria ya sajenti Merkl ilikuwa imeshamkaribia, yeye mgonjwa, amebaki karibu peke yake. Askari waliona watu wawili wamelala, wakafyatua risasi kwa mbali, waliposogea wakakuta kazi imeshaisha, Mkwawa alikuwa amejipiga risasi mwenyewe. Aliyepaswa kukamatwa, kufungwa kamba na kupitishwa mbele ya Wahehe pale Iringa hayupo. Wakafanya kilekile alichofanya Octavian, wakachukua mfano. Merkl akaamuru kichwa kikatwe, kikapelekwa Iringa kwa kamanda wa Wajerumani Tom von Prince, na fuvu likaishia Ujerumani.

Hapa ndo ninapotaka kufika. Kwa hesabu ya Wajerumani lile fuvu lilikuwa uthibitisho wa ushindi. Miaka 21 baadae, 1919, likaandikwa kwenye mkataba wa Versailles ibara ya 246, kwamba Ujerumani ndani ya miezi sita ikabidhi kwa Waingereza fuvu la Sultani Mkwawa. Ibara hiyohiyo inaitaka Ujerumani irudishe kwa mfalme wa Hejaz ile Kurani ya Khalifa Othman. Mkataba uliomaliza vita ya dunia, ndani yake kuna Mhehe! Aliyelipeleka hilo wazo London ni Byatt aliyekuwa anatawala hapa kwa niaba ya Waingereza, na hakufanya kwa huruma, alijua Wahehe wanalikumbuka na kulirudisha kungeonyesha kwamba Mjerumani kaondoka kweli. Hata huyo alitaka maonyesho yake.

Ujerumani ikakana, ikasema hatuna. Mpaka gavana Twining wa Tanganyika alipofika kwenye jumba la makumbusho Bremen akakuta mafuvu kama 2,000, ya Afrika Mashariki ya Wajerumani yakiwa 84, wakachambua kwa vipimo vya kichwa kulinganisha na ndugu zake walio hai na kwa tundu la risasi. 19 Juni 1954 likakabidhiwa Kalenga kwa chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, ambaye baadae akawa Spika wetu wa Bunge kwa miaka mingi. Wapo wanaobisha kama ni lenyewe kwa sababu ya njia waliyotumia, na hoja yao ina uzito.

#4

Mkuu mleta uzi umeandika vizuri sana ila mimi nina swali gumu kidogo na sitaki ulikwepe. Unasifia watu waliojiua. Kwenye dini zetu zote mbili kujiua ni dhambi kubwa, sasa hiyo heshima unayoisema ni ya nani, ya Mungu au ya watu? Naona tunaweza kuwafundisha vijana vibaya.

#5 (mleta uzi)

Kaka swali lako ni zuri na lina wazee wake. Augustino askofu wa Hippo, ambaye ni Mwafrika wa kaskazini, alibishana na Warumi kwa hilihili. Wao walikuwa wanamtukuza Cato, yeye akawaambia kama mnataka Mrumi wa kumsifia chukueni Regulus. Huyu Regulus kwa simulizi za Warumi alitekwa na Wakarthago, wakamtuma Roma kupeleka masharti na akaapa kurudi, alipofika akawashauri Warumi wenzake wakatae yale masharti, alafu akarudi Karthago mwenyewe kwa miguu yake akijua anaenda kuteswa hadi kufa, kwa sababu alishaapa. Augustino alimuona huyo kuwa juu ya Cato maana kavumilia. Nakubaliana nae kwa kiasi kikubwa. Mimi sisemi kufa kwa mkono wako ndo heshima, ninachosema ni kwamba Mkwawa na Cleopatra waliwekwa kwenye kona ambayo mtu mwingine alishaamua miili yao itatumikaje, na siwezi kukaa hapa na simu yangu nikawahukumu.

#6

Naomba nichangie. Kuna mtu mmetakiwa kumtaja na hamjamtaja, Prempeh mfalme wa Waashanti (Ghana ya sasa). Yeye hakupigana kabisa 1896 na Waashanti mpaka leo wanamheshimu. Hiyo inaivunja hoja ya mleta uzi au?

#7 (mleta uzi)

Dada asante sana, haiivunji ila inailazimisha ikae vizuri, na kusema ukweli huyu ndo ananisumbua kuliko wote.

Januari 1896 Waingereza waliingia Kumasi bila kupigwa risasi. Prempeh wa kwanza aliwakataza watu wake kupigana. Tarehe 20 wakamtoa kiwanjani mbele ya watu wake wote, gavana Maxwell amekaa juu na maofisa wake, wakamtaka asujudu. Mfalme wa Waashanti, ambaye kwa mila yao hata mguu wake mtupu haugusi ardhi, akavua taji na viatu, yeye na mama yake Yaa Akyaa, wakaenda wakainama wakashika miguu ya yule Mwingereza huku taifa zima linatazama. Alafu wakadaiwa aunsi 50,000 za dhahabu, na waliposema hawana kiasi hicho kwa wakati mmoja wakakamatwa hapohapo. Elmina, Sierra Leone, mwishowe Ushelisheli.

Kwa kipimo cha Cato huyu kapoteza kila kitu. Lakini angalieni alichokiokoa. Watu wake hawakuchinjwa siku ile, na kile Kiti cha Dhahabu ambacho Waashanti wanaamini kimebeba roho ya taifa zima kilibaki kimefichwa. Mwaka 1900 gavana Hodgson alipothubutu kudai aletewe hicho kiti akikalie, ndo Yaa Asantewaa mama mkuu wa Ejisu akawainua watu, vita vikapiganwa, Waashanti wakashindwa, kiti hakikupatikana. Prempeh akarudi 1924, watu wakampokea kwa shangwe. Waingereza walipewa maonyesho yao yote kiwanjani lakini kitu chenyewe walichokitaka hawakukiona hata kwa mbali. Kwahiyo na yeye aliwanyima, ila alinyima kingine, na aliinywa aibu yeye mwenyewe ili kinyimwe. Naona inahitaji moyo mkubwa zaidi ya ule wa kujipiga risasi, hasa mama yako akiwa ameinama pembeni yako.

Na kitu wengi hawakijui, huko Ushelisheli Prempeh alikutana na watu wa kwetu huku. Kabaka Mwanga na Omukama Kabalega wa Bunyoro walikamatwa pamoja Aprili 1899 wakapelekwa hukohuko. Mwanga akafia huko 1903. Kabalega alikamatwa akiwa amepigwa risasi mkono, mkono ukakatwa, akakaa uhamishoni karibu robo karne, wakamruhusu kurudi 1923, akafia njiani pale Jinja kabla hajaiona Bunyoro. Huyo alishikwa hai, akaonyeshwa, kanyang'anywa kila kitu, na nenda leo Hoima kamuongelee vibaya uone.

#8

Mkuu na wale wengine? Mangi Meli wa Wachaga, Songea Mbano wa Wangoni. Wao walinyongwa hadharani kabisa, hawakupata hata nafasi ya kuchagua.

#9 (mleta uzi)

Ni kweli, na hapo mshindi ndo kashika kila kitu, mti, kamba na siku. Mangi Meli alinyongwa Old Moshi 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine 18 Wachaga, Wameru na Waarusha. Songea Mbano alinyongwa mwanzoni mwa 1906 kwenye ile vita ya Majimaji, na simulizi ya Wangoni inasema Wajerumani walikuwa tayari kumuacha, yeye akakataa kubaki hai wakati wenzake wamenyongwa. Kama ndivyo basi nafasi ya kuchagua aliipata na akaitumia. Mji mzima unaitwa kwa jina lake na kila Februari watu wanakusanyika pale makumbusho ya Majimaji, sasa niambie aliyetoa amri ya kumnyonga nani anamkumbuka.

Vichwa vyao vyote viwili familia zinaamini vilipelekwa Ujerumani na havijarudi. Hii sio historia ya kufunga kitabu wakuu. Septemba 2023 wenye makumbusho Berlin walitangaza kwamba vipimo vya DNA vimeoanisha mafuvu na familia za huku kwetu, mmoja wao akiwa mshauri wa Mangi Meli, lakini Meli mwenyewe bado. Novemba mwaka huohuo rais wa Ujerumani Steinmeier alikuja Songea akaomba msamaha mbele ya wajukuu. Msamaha nimeupokea kama Mtanzania, ila msamaha bila mifupa haujakamilika, familia inataka kuzika. Yale mafuvu yalipelekwa kule kama ushahidi wa ushindi na bado yako kwenye makabati na namba zake.

Kwahiyo ombi langu kwa wanaosoma huu uzi. Kama wewe ni wa Old Moshi, Songea, Iringa, Meru au popote, na nyumbani kwenu kuna mzee anayejua nani wa ukoo wenu alichukuliwa na lini, mkae nae, mrekodi kwa simu, muandike majina ya ukoo na sehemu alipouawa, maana zile familia zilizooanishwa 2023 ziliwezekana kwa sababu ndugu walijitokeza wakatoa sampuli. Majina ya watu binafsi msiyaweke hapa hadharani, ila stori zenyewe leteni tuzijadili. Wa Kalenga na Mlambalasi mkiwa na picha mpya za makumbusho na kaburi tuwekeeni pia.